Choo kigumu kisichoisha na gesi ya methani: nini kianze, nini kifuate

Kukosa choo siku mbili baada ya safari si ugonjwa. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye kwa miezi sasa anapata choo chini ya mara tatu kwa wiki, au anakipata kila siku lakini kwa kukamua, kinatoka vipande vigumu, na akitoka chooni bado anahisi kuna kilichobaki. Tatizo huhesabiwa kuwa la kudumu pale dalili zilipoanza angalau miezi sita iliyopita na zimeendelea kuwepo kwa miezi mitatu ya karibuni. Wengi wa watu hawa tumbo pia hujaa na kukaza, na hapo ndipo inapoingia habari kwamba gesi ya methani, inayotengenezwa na vijidudu utumboni, ndiyo inayofunga choo.

Habari hiyo imeenea, na kosa moja limeenea pamoja nayo: mtu akisikia kuna vijidudu vya methani anakimbilia antibayotiki, wakati hajawahi kutumia dawa ya kulainisha choo kwa kipimo kinachotosha wala kwa siku zinazotosha. Utaratibu unaofaa ni kuondoa hatari kwanza, kupima mwendo wa tumbo, kufungua choo, na baada ya hapo ndipo kushughulika na methani. Ukianzia mwisho, fedha itakwenda na choo kitarudi kuwa kigumu ndani ya wiki chache.

Methani inatengenezwaje tumboni

Mwenye mtambo wa bayogesi nyuma ya zizi tayari anaijua kazi hii. Samadi inaozeshwa mahali pasipo hewa, bakteria wanaivunja na kutoa haidrojeni na hewa ya ukaa, halafu viumbe wengine wanachukua gesi hizo na kuzigeuza methani inayowaka jikoni. Ndani ya utumbo mpana mambo ni yaleyale. Mkuu wa kazi kwa binadamu anaitwa Methanobrevibacter smithii. Anachukua molekuli nne za haidrojeni na moja ya hewa ya ukaa, anatoa molekuli moja ya methani na mbili za maji.

Methani haina harufu. Kinachonuka kwenye ushuzi ni gesi zenye salfa, kwa hiyo ushuzi mkali hauthibitishi methani, na usio na harufu hauikanushi. Sehemu ya methani hupenya ukuta wa utumbo, huingia kwenye damu, na kutoka kwa pumzi. Ndiyo maana inapimwa kwa kupuliza.

Viumbe hawa si bakteria. Ni arkea, kundi ambalo wanasayansi Carl Woese na George Fox walilitenga mwaka 1977, tena kwa kuchunguza hawahawa watengeneza methani. Hili lina maana kubwa dukani. Dawa za jamii ya penisilini, amoksilini ikiwemo, hufanya kazi kwa kuvuruga ukuta wa bakteria, na ukuta wa arkea umejengwa kwa kitu kingine. Mtu anayenunua amoksilini kwa ajili ya gesi ya tumbo anaua bakteria ambao hawakumkosea na kumwacha aliyemfuata.

Je, methani ndiyo inayofunga choo? Kwa sehemu. Mwaka 2006 watafiti waliingiza methani kwenye utumbo mwembamba wa mbwa, na mwendo wa vilivyomo ukapungua kwa zaidi ya nusu. Lakini upande wa pili nao ni kweli: arkea hukua polepole, na utumbo unaokwenda taratibu huwapa nafasi ya kukaa na kuzaana. Choo kikikaa, methani huongezeka, na methani ikiongezeka, choo hukaa zaidi. Mduara huu unaweza kukatwa popote, na mahali rahisi na salama pa kuanzia ni kwenye mwendo wa choo. Tena kutoa methani peke yake si ugonjwa. Kuna watu wazima wengi wanaoitoa maisha yao yote na choo chao hakina neno.

1. Kwanza hakikisha si jambo la hatari

Usianze na mwongozo huu, nenda hospitali, ukiona mojawapo ya haya: damu kwenye choo au choo cheusi kama lami, uzito unapungua bila kukusudia, upungufu wa damu usio na maelezo, choo kimebadilika ghafla na umri umepita miaka 45, kuna mzazi au ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani ya utumbo mpana. Tumbo lililovimba, linalouma, pamoja na kutapika na kutotoa hata ushuzi, ni dharura ya siku hiyohiyo. Linaweza kuwa limejisokota au kuziba, na dawa ya kuendesha hapo huharibu zaidi.

Damu nyekundu kidogo kwenye karatasi mara nyingi ni bawasiri au mpasuko, lakini aseme hivyo aliyekuchunguza, si wewe.

Omba pia damu ipimwe sukari, homoni ya tezi ya shingo, kalsiamu na wingi wa damu. Tezi inayofanya kazi chini ya kiwango hufunga choo, na wapo wanaotibiwa gesi miaka mingi wakati kidonge cha tezi ndicho kilichohitajika.

2. Kagua unachomeza

Weka mezani kila kidonge unachotumia, na vya mitishamba pia. Wanaofunga choo zaidi ni kodeini, tramado na mofini, vidonge vya madini ya chuma, kalsiamu, dawa za kiungulia zenye alumini, amitriptilini, dawa za mafua na mzio zinazoleta usingizi, na baadhi ya dawa za presha, verapamili ikiongoza. Usiache dawa ya presha au ya maumivu kwa uamuzi wako. Mwonyeshe daktari orodha, mara nyingi ipo mbadala.

Kwa wajawazito kuna mambo mawili yanayokutana. Vidonge vya kuongeza damu vya kliniki hukausha choo, na udongo wa kula, ule unaouzwa vipande sokoni, hukigandisha kabisa. Mama anayekula udongo kila siku anaweza kumeza dawa ya kulainisha hadi chupa iishe bila mafanikio, kwa sababu udongo haumeng'enywi, unashikamana na choo na kukifanya kama tofali. Hamu ya udongo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, kwa hiyo aache udongo na aendelee na vidonge, huku akipewa kilainishi kinachofaa ujauzito.

3. Pima mwendo kwa wiki mbili

Chukua daftari. Kila ukienda chooni andika siku, saa, kama ulikamua, kama ulihisi umemaliza, na aina ya choo kwa kipimo cha Bristol, kilichotolewa na madaktari wa mji huo wa Uingereza. Aina ya 1 ni punje ngumu zilizoachana, kama za mbuzi. Ya 2 ni kipande kimoja chenye mafundomafundo, kama muhogo ulioota vibaya. Ya 3 ina mipasuko juu. Ya 4 ni laini na ndefu kama ndizi mbivu iliyomenywa. Ya 5 ni vipande laini vyenye kingo, ya 6 ni kama uji mzito, ya 7 ni maji matupu. Unalenga ya 4. Ya 1 na ya 2 zinaonyesha choo kilichokaa ndani muda mrefu hadi maji yakafyonzwa.

Sasa mahindi, yatakayokuonyesha chakula kinapita tumboni kwa saa ngapi. Kaa siku tano bila kula mahindi ya punje: hakuna ya kuchoma, hakuna makande wala githeri. Ugali hauna shida, ni unga. Siku ya sita, na chakula cha jioni, meza kijiko kimoja cha chakula cha punje laini zilizochemka, nyingine bila kuzitafuna. Andika saa. Kisha angalia choo kila unapokwenda, bila kuona kinyaa, mpaka punje za kwanza zionekane, na uandike pia zilipoonekana za mwisho. Zikitoka kati ya saa 12 na 48, mwendo wako ni wa kawaida na tatizo huenda liko mlangoni, kwenye misuli ya kutolea. Zikipita saa 72 bila kuonekana, utumbo wenyewe unachelewa. Kipimo hiki si cha maabara, lakini rudia mara mbili na utakuwa na taarifa ambayo daktari ataifurahia kuliko maneno "sipati choo vizuri".

Ili ujue cha kulinganisha: mwaka 1972 daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi miaka mingi Mulago huko Kampala, na wenzake walichapisha vipimo vya wanakijiji wa Uganda. Choo chao kilizidi gramu 400 kwa siku na chakula kilipita kwa takriban saa 36. Wanamaji wa Uingereza waliopimwa nao walitoa takriban gramu 100, na chakula kilichukua zaidi ya saa 80. Chakula kilichokobolewa, kama mkate mweupe, ndicho kilichotajwa kuwa sababu kubwa, na ndicho kilichohamia mijini kwetu sasa.

4. Fungua choo, na ukifungue kweli

Kama hujapata choo kwa wiki nzima na kuna maji machafu yanayovuja, hasa kwa mzee au mgonjwa wa kitandani, usidhani ni kuhara. Mara nyingi donge gumu limeziba puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo, na maji yanapita pembeni. Ukimpa dawa ya kuzuia kuharisha unamfungia kabisa. Huyu apelekwe kituoni akachunguzwe kwa kidole na donge litolewe kwa dawa ya kuweka njia ya haja au kwa makrogoli nyingi, unga wa kulainisha choo, chini ya uangalizi.

Kwa wengine, dawa ya kuanzia ni makrogoli, unga usio na ladha unaoshikilia maji ndani ya utumbo. Bakteria hawaugusi, ndiyo sababu tunaupendelea kwa mtu mwenye gesi. Changanya gramu 17 kwenye kikombe cha maji cha mililita 240, koroga hadi iyeyuke, kunywa mara moja kwa siku. Pakiti nyingine zina gramu 13 na chumvi kidogo. Hizo fuata maelekezo yake. Haifanyi kazi usiku huohuo. Inachukua siku moja hadi tatu, na wengi huiacha siku ya pili wakisema ni dawa hafifu. Ipe wiki. Choo kikiwa bado aina ya 1 au 2, ongeza nusu ya kipimo kila baada ya siku tatu, hadi mara mbili kwa siku. Kikiwa cha 6, punguza nusu. Inaweza kutumika kwa miezi, na utumbo hauizoei ukawa mvivu.

Laktulosi, ile sharubati tamu, inapatikana karibu kila duka la dawa na bei yake mara nyingi ni nafuu zaidi. Kipimo ni mililita 15 mara mbili kwa siku, na matokeo huja baada ya siku mbili. Lakini ielewe: laktulosi ni sukari ambayo mwili hauisagi, bakteria ndio huila, na wakiila wanatoa haidrojeni, chakula cha arkea. Mwenye tumbo linalojaa hujaa zaidi. Kama ndiyo pekee iliyopo, anza na mililita 10 mara moja kwa siku na upande taratibu.

Makrogoli ikishindwa peke yake, ongeza bisakodili, miligramu 5 usiku wakati wa kulala, baadaye 10. Inasukuma misuli ya utumbo na hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12, kwa hiyo choo huja asubuhi. Meza kizima, usikitafune, na usikimeze na maziwa wala dawa ya kiungulia: gamba lake litayeyuka tumboni badala ya utumboni, na utapata msokoto mkali. Usiku mbili au tatu kwa wiki huwatosha wengi. Kikitumika kila siku zaidi ya wiki nne, daktari ajue.

Sanamaki ni jamii hiyohiyo ya visukumaji, na inafanya kazi kweli. Tatizo lake ni kipimo. Majani ya kuchemsha nyumbani leo yana nguvu hii, kesho ile, kutegemea umri wa majani na muda wa kuchemka. Ukiitaka, tumia vidonge vya dukani vyenye kipimo kilichoandikwa. Chumvi ya haluli huongeza magnesiamu mwilini, na kwa mwenye figo dhaifu inaweza kumuua. Mafuta ya nyonyo yanaamsha mji wa mimba, mjamzito asiyaguse. Na bomba la mitishamba, yaani kuingiza dawa ya kuchemsha kwa njia ya haja, liacheni jamani. Limeunguza na kutoboa matumbo, ya watoto hasa.

5. Chakula: panda ngazi, usiruke

Ushauri wa kula nyuzi nyingi ni sahihi kwa mwenye mwendo wa kawaida. Kwa mwenye mwendo wa polepole na methani nyingi, kuongeza nyuzi kwa pupa ni kupakia mizigo kwenye lori lililokwama. Ndiyo maana hatua hii inakuja baada ya kufungua choo.

Lengo ni gramu 25 hadi 30 za nyuzi kwa siku, zikipanda kwa takriban gramu 5 kila wiki. Anza na zinazotulia tumboni: papai bivu, bamia na mlenda, mchicha, uji wa ulezi au mtama, dona badala ya sembe, viazi vitamu na maganda yake yaliyooshwa vizuri. Kiwi mbili kwa siku zimefanyiwa majaribio zikasaidia, lakini bei yake si ya kila mtu, na papai ni jirani. Mapera ni mazuri ila tema mbegu. Zikiliwa nyingi kwa pamoja zinaweza kujipanga puruni kama kokoto.

Maharage usiyaache, yapike vizuri. Loweka usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya, na baada ya dakika kumi za kuchemka mwaga tena. Sukari zinazotengeneza gesi huyeyuka na kuondoka na maji hayo. Anza na vijiko vitatu vya chakula kwa mlo, si bakuli.

Isabgoli, yaani maganda ya mbegu za spagula, ni nyuzi zinazovimba bila kuliwa sana na bakteria, hivyo gesi yake ni ndogo. Kijiko kimoja cha chai kwenye mililita 250 za maji, koroga na unywe papo hapo kabla haijawa rojo, kisha kunywa glasi nyingine ya maji. Ukiinywa kavu au ukalala mara moja, inaweza kukwama kooni. Itenganishe na dawa nyingine kwa saa mbili.

Maji: lita moja na nusu hadi mbili zinatosha mtu wa kawaida, zaidi kama unatoka jasho shambani. Kunywa lita tano hakulainishi choo, unakojoa tu. Mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kiwango alichopewa.

6. Chooni

Utumbo mpana husukuma kwa nguvu zaidi asubuhi na baada ya kula. Nenda chooni nusu saa baada ya kifungua kinywa, kila siku, hata bila kubanwa, kwa dakika tano hadi kumi, na simu ibaki chumbani. Choo cha kuchuchumaa kinakupa bure kile ambacho wenye vyoo vya kukaa wanakitafuta: magoti juu ya nyonga, na njia ya haja inanyooka. Kwenye choo cha kukaa weka kigoda cha sentimita 15 hadi 20 chini ya miguu, inama mbele, viwiko kwenye magoti. Tumbo lisukume nje ukipumua taratibu. Usibane pumzi na kukamua mpaka mishipa ya shingo isimame.

Kuna kundi ambalo dawa zote huwashinda, na ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Choo kimefika mlangoni, ni laini, mahindi yametoka ndani ya saa 40, lakini hakitoki. Wengine inabidi wasaidie kwa kidole, na wanaona aibu kusema. Hapa misuli ya nyonga inakaza pale inapotakiwa kulegea. Daktari anaweza kulihisi kwa kidole, na hospitali kubwa hupima kwa kuweka kipira chenye mililita 50 za maji puruni na kuangalia kama kinatoka ndani ya dakika moja au mbili. Tiba yake ni mazoezi ya kufundisha misuli upya kwa mtaalamu wa viungo. Antibayotiki ya methani haitamsaidia huyu hata akirudia mara kumi.

7. Kipimo cha pumzi

Sasa, kama umetumia hatua zilizotangulia kwa wiki sita hadi nane kwa uaminifu, choo bado ni cha taabu na tumbo linajaa, methani inastahili kupimwa. Si kila hospitali ina mashine. Kabla hujafunga safari piga simu uulize swali moja: je, mashine yenu inapima haidrojeni na methani, au haidrojeni peke yake? Mwenye arkea wengi huwa na haidrojeni ndogo, kwa sababu wameila. Mashine ya haidrojeni peke yake itampa jibu "huna tatizo" na kumrudisha nyumbani na gesi yake.

Maandalizi ndiyo yanayoharibu vipimo vingi:

- Wiki nne kabla: hakuna antibayotiki, wala dawa ya kusafisha utumbo kwa ajili ya kipimo cha kamera.
- Wiki moja kabla: simamisha dawa za kulainisha na za kusukuma choo, kwa makubaliano na daktari.
- Siku moja kabla: wali mweupe, yai, samaki au kuku wa kuchoma au kuchemsha, chumvi, maji. Hakuna maharage, matunda, mboga, maziwa, vitunguu, ugali, chapati wala mkate.
- Saa 12 za mwisho: maji tu.
- Asubuhi: piga mswaki. Hakuna sigara, jojo, mazoezi wala kulala wakati wa kipimo.

Utapuliza mara ya kwanza ukiwa na njaa, kisha utakunywa gramu 10 za laktulosi (mililita 15 za sharubati ya kawaida) au gramu 75 za glukosi, na kuendelea kupuliza kila dakika 15 hadi 20 kwa saa mbili hadi tatu. Wenye kisukari waseme mapema. Methani ikifika sehemu 10 kwa milioni wakati wowote, hata kwenye pumzi ya kwanza kabisa, jibu ni chanya. Haidrojeni ina kanuni nyingine: inapaswa kupanda kwa sehemu 20 ndani ya dakika 90. Methani haipandi na kushuka sana, kwa hiyo pale ambapo kipimo kizima hakipatikani au bei imezidi, pumzi moja ya asubuhi kabla ya kula inaweza kutoa mwelekeo mzuri.

8. Tiba ya methani

Hii ni ya daktari kuandika na kusimamia. Tunaieleza ili uijue ukiandikiwa.

Mchanganyiko uliojaribiwa, kwenye utafiti mdogo uliochapishwa Marekani mwaka 2014, ni rifaksimini miligramu 550 mara tatu kwa siku pamoja na neomisini miligramu 500 mara mbili kwa siku, kwa siku 14. Mchanganyiko ulipunguza dalili vizuri kuliko neomisini peke yake. Rifaksimini haiingii sana kwenye damu, na wengi wanaifahamu kwa wagonjwa wa ini. Neomisini ndiyo ya kuchunga: inaweza kudhuru masikio na figo. Asiitumie mwenye figo dhaifu, mwenye usikivu uliopungua, mjamzito, wala anayechomwa jentamisini. Masikio yakianza kuvuma, acha siku hiyo na urudi hospitali.

Pale neomisini isipofaa, baadhi ya madaktari hutumia metronidazoli miligramu 250 mara tatu kwa siku pamoja na rifaksimini. Pombe iwekwe mbali hadi siku tatu baada ya kidonge cha mwisho. Ganzi ya vidole ni sababu ya kuacha, na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, lazima aseme.

Usiache makrogoli katika siku hizo 14. Hili linasahaulika kila mara. Dawa inapunguza arkea, lakini utumbo uliojaa choo cha zamani ni ghala lao. Anayemaliza antibayotiki akiwa anapata choo kila siku ana nafasi nzuri kuliko anayemaliza akiwa amefunga.

Kitunguu saumu kibichi hupendekezwa sana kwa jambo hili. Ndani yake mna fruktani, chakula kizuri cha bakteria wa gesi, na kwa wengi tumbo hujaa zaidi.

9. Ili isirudi

Wiki mbili hadi nne baada ya kumaliza, rudia kipimo cha mahindi na daftari la wiki moja. Endelea na makrogoli kwa kipimo kilichokupa aina ya 4, kwa miezi mitatu angalau, kisha punguza robo kwa robo kila wiki mbili. Ukishuka na choo kikarudi kuwa cha 2, rudi ngazi uliyotoka. Kula milo mitatu na uache saa nne hadi tano katikati bila kutafuna kitu: utumbo mwembamba ukiwa mtupu hujifagia kwa mawimbi kila baada ya dakika 90 hadi 120, na kila karanga unayodokoa inakatisha mawimbi hayo.

Kwa ambaye mahindi bado yanapita saa 72 licha ya vilainishi, zipo dawa za kuamsha mwendo. Prukalopridi miligramu 2 mara moja kwa siku, au 1 kwa aliyezidi miaka 65, ni mojawapo, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 kuhusu choo kigumu cha kudumu unaipendekeza, sambamba na makrogoli. Siku za mwanzo huleta kichwa kuuma na kichefuchefu, na kwa kawaida hupungua baada ya siku chache.

Dalili zikirejea kabla ya miezi mitatu, usinunue antibayotiki nyingine kwa karatasi ya zamani. Pima pumzi tena. Methani ikiwa chini ya 10 na choo bado kigumu, kilichobaki si arkea: rudi hatua ya 2 na ya 6, umwombe daktari apime misuli ya nyonga na mwendo wa utumbo mpana, na uende na daftari lako pamoja na saa za mahindi, zote mbili, za kabla na za baada ya dawa.